Unga, Mikono na Swali la Mtoto

Masomo: Kutoka 12:26-39, Kumbukumbu la Torati 6:6-7, Yeremia 29:4-10

 

Mwezi huu sitahubiri juu ya karatasi zetu, ingawa najua karatasi ndizo zinazotunyima usingizi. Nataka tuzungumze juu ya watoto wetu wadogo, wa miaka mitatu, minne na mitano, ambao bado hawajaanza shule. Ukipita katika vyumba vyetu vya Kinawataka, Mbuya au Banda saa nne ya asubuhi utawaona. Baba ametoka kutafuta kibarua, mama amekwenda kutembeza vitenge, na mtoto ameketi mlangoni, mlinzi wake ni dada wa miaka minane. Wengine wamefungiwa ndani kwa kufuli. Uliza, "Huyu anafanya nini kutwa nzima?" Utajibiwa, "Anangojea." Anangojea mama arudi. Anangojea pesa ya nasari ipatikane. Na wengine, tangu siku waliyozaliwa, wanangojea ndege.

Tuseme ukweli juu ya nasari. Hapa Uganda serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, na mtoto wa mkimbizi naye hupokelewa katika shule zake. Lakini nasari karibu zote ni za watu binafsi, na lazima ulipe. Kwa hiyo mtoto wetu anaingia darasa la kwanza siku ambayo mwenzake tayari anajua kuandika jina lake, na yeye kalamu hajawahi kuishika. Anakaa nyuma. Halafu tunasema mtoto huyu ni mzito wa akili!

Sasa tufungue Kutoka 12. Waisraeli walitoka Misri usiku, kwa kufukuzwa. Mstari wa 34 unatueleza jambo ambalo mama yeyote wa kwetu analielewa bila mwalimu wa Biblia: walibeba unga uliokwisha kukandwa, kabla haujatiwa chachu, na vyombo vya kukandia wamevifunga katika nguo, mabegani. Je, hukuwaona mama zetu njiani, sufuria imefungwa ndani ya kitenge? Na mstari wa 39 unasema wakaoka mikate isiyochachwa kwa sababu hawakupewa nafasi ya kungoja. Ule ulikuwa mkate wa wakimbizi. Mkate mbaya, mgumu, uliokandwa kwa haraka.

Mungu alifanya nini na mkate ule? Hakuwaambia wausahau. Aliagiza uokwe kila mwaka, na katika mstari wa 26 akatazama mbele, akajua kwamba watoto watauliza maana yake, na kwamba wazazi watapaswa kuwa na jibu. Mpaka leo, katika nyumba za Wayahudi, usiku wa Pasaka mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali, na meza nzima inamjibu. Desturi yao inataka mkate huo uwe umeokwa kabla ya kupita dakika 18 tangu unga ukutane na maji. Fikirini! Haraka ya usiku mmoja imekuwa somo la maelfu ya miaka, na somo lenyewe linapita kwenye unga, mikono na kinywa cha mtoto. Hakuna daftari hapo.

Basi tuanze na unga. Naona mama mmoja anatikisa kichwa: "Mchungaji, unga ni ghali, mtoto ataumwaga." Atamwaga kidogo, ni kweli. Tandika gazeti chini. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko vitatu vya sukari, chumvi kidogo, na kijiko kimoja cha chai cha hamira, ile ambayo Biblia huiita chachu. Maji yawe ya vuguvugu, kama kikombe kimoja kikubwa, uyaongeze kidogo kidogo. Mtoto ndiye apime. Mtoto ndiye ahesabu vijiko kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu. Hesabu ya nasari ni hiyo hiyo, nayo haina ada.

Mweleze kwamba hamira ni viumbe vidogo vilivyo hai, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Vinakula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga. Maji ya moto sana huviua, ndiyo maana mama anayajaribu kwa kidole kwanza. Mkande pamoja mpaka donge liwe laini, mlifunike kwa kitambaa, mngoje kama saa moja. Mwambie akabonyeze taratibu kwa kidole, aone shimo linavyorudi polepole. Bwana Yesu mwenyewe alimtazama mwanamke anayetia chachu katika unga akaona Ufalme wa Mungu (Mathayo 13:33). Sina shaka kwamba mambo ya namna hiyo aliyaona nyumbani, akiwa mdogo.

Mkikata maandazi, mpe kazi ya kugawa. "Tuko watu watano, maandazi ni ishirini, kila mtu atapata mangapi?" Mtoto wa miaka mitano hajui kugawanya, lakini anajua kuweka moja moja mbele ya kila mtu mpaka yaishe, na njiani atagundua kama dada yake amepewa zaidi. Hapo atahesabu vizuri sana!

Neno moja la ukali hapa. Kazi ya mtoto inaishia kwenye kukata. Mafuta ya moto ni ya mtu mzima peke yake, na sigiri, ile tuliyoiita mbabula kwetu, iwekwe nje, mahali ambapo mtoto hapiti mbio. Wala msiingize sigiri yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama ni usiku wa baridi. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Na yule anayemfungia mtoto kwa kufuli aende kibaruani, namsihi kwa huruma za Mungu: tafuta jirani. Zungumzeni wanne, watano wa kanisa, mmoja abaki na watoto Jumatatu, mwingine Jumanne. Moto hauna macho, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvunja kufuli.

Kabla unga haujatiwa maji, utandaze kidogo kwenye sinia. Hapo ndipo ubao wetu. Chora herufi A kwa kidole, naye achore yake. Akikosea, tikisa sinia, imefutika. Hakuna kupigwa, hakuna karatasi iliyopotea. Anza na herufi za jina lake, maana kila mtoto anapenda jina lake. Unga ukiwa umekwisha, mchanga mkavu unatosha. Okota vizibo vya soda, mvioshe, mvipange kumi kumi. Changanya maharage mekundu na ya njano, ayatenganishe. Vidole vinavyochambua maharage vinajiandaa kushika kalamu. Ila mdogo chini ya miaka mitatu asiachiwe vitu hivyo peke yake, ataviweka kinywani.

Hapa kwetu Nakawa tunao majirani wa kutufundisha. Pale juu Banda, karibu na Kireka, pana mtaa unaoitwa Acholi Quarter. Wengi wa wale wazee na wamama walikimbia vita ya kaskazini mwa Uganda, vita ya kundi la LRA. Walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe. Walivunja mawe kwa nyundo katika machimbo ya Kireka ili wale, na baadaye wamama wengi wakajulikana kwa shanga za karatasi. Wanachukua karatasi ya gazeti au kalenda ya zamani, wanaikata vipande virefu vyenye umbo la pembetatu, vyembamba kama ncha ya mkuki. Wanaviringisha kuanzia upande mpana kwa kijiti chembamba, wanagandisha ncha kwa gundi, wanachomoa kijiti, wanapaka vanishi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuviringisha, wewe ukikata. Shanga zake za kwanza zitakuwa zimelegea na kupinda. Msifu. Hatutafuti biashara hapa (na tafadhali, tusimgeuze mtoto kuwa fundi wa kulisha nyumba), tunatafuta saa moja ambayo macho ya mzazi na macho ya mtoto yanatazama kitu kimoja.

Akina baba, msifunge gazeti. Najua mtasema kukanda unga ni kazi ya mama. Someni Yohana 21:9. Wanafunzi wanafika ufuoni wamechoka, na wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nani alipika? Bwana aliyefufuka! Kama yeye hakuona haya, wewe unaona haya ya nani? Na kama kupika kumekushinda, wengi wenu mlitengeneza magari ya waya mlipokuwa wadogo, na mipira ya majani makavu ya migomba. Ujuzi huo umekwenda wapi? Baba asiye na kazi leo ana kitu ambacho baba tajiri wa Bugolobi hana, nacho ni muda. Kutoka 31 inatuambia Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi za mikono. Kumbe Roho Mtakatifu hashuki kwa kuhubiri tu.

Tena mnakumbuka Machi 2020. Shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Nyumba ambayo watoto walihesabu, waliimba na kusimuliwa, ilionekana siku shule zilipofunguliwa. Na nyumba ambayo watoto walingojea tu, nayo ilionekana.

Nilisema wengine wanangojea ndege. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kati yetu zimo familia zilizokuwa zimekwisha kufunga mizigo. Mwezi huo huo Goma ilitekwa, na Februari Bukavu, na ndugu wapya wakatufikia bila kitu mkononi. Sidharau maumivu hayo. Lakini someni Yeremia sura ya 28 na 29 kwa pamoja. Hanania alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba vyombo vya hekalu na mateka wangerudi katika muda wa miaka miwili. Watu wakapenda neno hilo. Yeremia akawaandikia waliohamishwa Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, wazae na kulea, kwa maana itakuwa miaka sabini. Hebu hesabuni: mtoto aliyekuwa na miaka minne siku barua ilipofika, kama mzazi wake alimsikiliza Hanania, alikaa mlangoni miaka yake yote ya kujifunza akingojea safari.

Mtoto hasimami kukua kwa sababu faili limesimama.

Sasa lile swali. Mnapokanda pamoja, mikono ikiwa na kazi, mtoto atauliza. Atauliza, "Bibi yuko wapi? Kwa nini hatukai kwetu?" Wengi wetu hunyamaza, au tunamfokea. Nawaelewa, kuna mambo ambayo ulimi haubebi. Lakini Kutoka 13:8 inamtaka mzazi amwambie mwanawe yale Bwana aliyomtendea yeye alipotoka. Mpe ukweli wa kipimo chake. Si lazima aambiwe damu. Mwambie jina la kijiji, jina la mto, jina la babu yake. Mwambie bibi alikanda unga namna gani, aliweka mafuta ya mawese au hakuweka. Mwambie mlivuka mpaka, na mtu fulani aliwapa maji. Taja unga, maji, moto na chumvi kwa lugha ya nyumbani, Kinande au Mashi au Kibembe, kwa maana Kiganda atakipata nje bila msaada wako.

Na kama mtoto hasemi kabisa, au anaamka akipiga kelele kila usiku, au amerudia kukojoa kitandani, msikimbilie kusema ni pepo. Mleteni tuombe, ndiyo, halafu mpelekeni kituo cha afya mkaeleze yote yaliyompata njiani. Nitakwenda pamoja nanyi mkinihitaji.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, tutatandika mikeka upande wa kivulini na kukanda pamoja. Kila nyumba ilete kikombe kimoja cha unga. Asiye nacho alete vizibo vya soda au kalenda ya zamani. Mama wa kwaya watasimamia sigiri. Akina baba wataleta waya na koleo. Watoto waje na mikono iliyooshwa.

Mchungaji wenu, Nakawa