Kazi ya Nyumbani na Haki ya Jirani

Kufanya kazi nyumbani si dhambi. Mtakatifu Paulo alipofika Korinto alikaa kwa Akila na Priskila, akafanya kazi pamoja nao, kwa kuwa wote walikuwa mafundi wa mahema. Vivyo hivyo katika Shabunda, mama auzaye mawese na unga wa muhogo mbele ya mlango wake, na fundi ashonaye nguo barazani, hutafuta riziki kwa njia ya haki. Barabara ya Bukavu ni mbaya, na vitu vingi huletwa kwa ndege kwa bei kubwa. Ni nani basi atakayewalaumu?

Lakini liko swali moja. Je, mtu akiwa katika nyumba yake mwenyewe, ana ruhusa ya kufanya lolote apendalo?

Nchi ya Warega ina dhahabu, hata ndani ya mto Ulindi. Mahali pengi penye machimbo, mchanga wa dhahabu huchanganywa na zebaki, ile dawa nzito ing'aayo kama fedha iliyoyeyuka. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu. Kisha bonge lile hutiwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Pengine kazi hiyo hufanywa nyumbani, juu ya jiko lile lile la kupikia chakula, na watoto wameketi karibu.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Huingia kwa pumzi, hudhuru ubongo na figo, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Ubaya wa zebaki ulijulikana sana kule Minamata, katika nchi ya Japani. Mwaka 1956 ilitangazwa huko habari ya ugonjwa wa watu waliokula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Mapatano ya mataifa ya mwaka 2013 yaliitwa kwa jina la mji huo, nayo yataka kukomesha uchomaji wa zebaki ya dhahabu katika makao ya watu.

Mwenye kuchoma aweza kusema: “Nyumba ni yangu. Sikuingia kwa jirani, wala sikugusa mali yake.” Ni kweli, miguu yake haikuvuka ua, lakini mvuke wake umevuka. Faida yote ni yake, na jirani hapati hata chembe moja. Hata hivyo jirani ndiye alipaye kwa afya ya mtoto wake. Kumlipisha mtu deni asilolikopa, tena pasipo kumwuliza, ni kumnyang'anya. Na kwa kuwa kinachonyang'anywa ni uzima, amri ya tano yavunjwa pamoja na ya saba.

Atasema tena: “Nikiipeleka dhahabu mbali, wevi wataninyang'anya njiani.” Hofu hiyo si ya uongo. Lakini hatari ya mali ni mzigo wa mwenye mali. Haifai kumtwika mtoto mchanga wa nyumba ya pili. Kiko chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho huukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki tena. Na akitumie hicho, mbali na nyumba, pamoja na wenzake ili walindane.

Jirani naye auchunguze moyo wake. Je, yamwumiza moshi, au yamwumiza mabati mapya ya mwenzake? Kama ni wivu, aukiri na kuuacha. Kama ni madhara ya kweli, kwanza amwendee ndugu yake peke yake, kama Bwana Yesu alivyofundisha. Asiposikia, awaite wengine pamoja naye.

Asiyejua ubaya wa kazi yake hakutenda dhambi kwa kutojua kwake. Lakini akiisha kujua, yampasa kuacha, na kutengeneza alichoharibu kadiri awezavyo. Zakayo hakutosheka kumkaribisha Bwana nyumbani mwake kwa furaha: aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Ndipo wokovu ulipofika katika nyumba ile.

Basi kila atakaye ubatizo na ajiulize jioni: Riziki iliyoingia leo nyumbani mwangu, ni nani aliyeilipia?