Mgonjwa Anaporidhika

Mgonjwa akiulizwa mlangoni mwa kliniki kama ameridhika na huduma, mara nyingi atajibu ndiyo. Ameamkia foleni, ameonwa, na dirishani amepewa dawa. Aliyezoea kuambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani, hushukuru kwa kidogo. Shukrani hiyo ni ya kweli nami naiheshimu, lakini siamini kwamba inatosha kupimia huduma.

Suala hili lina uzito sasa kwa kuwa Kenya inamleta daktari wa familia karibu na wananchi. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafundisha mabingwa hawa mwaka 2005. Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 nayo ikaweka mitandao inayounganisha hospitali na vituo vya afya, zahanati na wahamasishaji wa afya wa vijijini. Mabingwa wenyewe bado ni wachache mno, na wengi wetu hatujawahi kukutana na hata mmoja.

Kazi ya daktari huyu haivutii macho. Anatibu presha ya bibi, sukari ya baba, ujauzito wa binti na kifua cha mjukuu, na anajua kwamba wote wanakula chungu kimoja. Mama akilalamikia kichwa kwa mara ya tatu, humwuliza usingizi wake ukoje na nyumbani kuna nini. Pengine atamaliza bila kuandika dawa yoyote, na hapo ndipo kuridhika kunapoingia majaribuni. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba tiba ni sindano. Daktari anayekataa kumpa mtoto mwenye mafua antibiotiki, akaeleza kwa upole kwamba dawa hizo haziui virusi, huenda akalaumiwa siku hiyo, na yule aliyejaza mfuko wa vidonge akasifiwa. Mimi nasimama na wa kwanza.

Thamani yake huonekana polepole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu Norway, ambako kila mkazi anaweza kuwa na daktari wake, uliwalinganisha waliobaki na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 na waliokuwa naye mwaka mmoja au chini. Kwa wale wa muda mrefu, uwezekano wa kufariki ulikuwa pungufu kwa takriban robo. Norway si Kenya, na sababu za tofauti hiyo zinaweza kuwa nyingi. Hata hivyo, naamini kujuana ni sehemu ya tiba. Mgonjwa hamwambii mgeni kwamba aliacha vidonge kwa kukosa pesa, au kwamba mumewe anampiga. Humwambia anayemwamini, tena akiwa na hakika kwamba siri haitamtangulia sokoni.

Kwa hiyo wanaopima huduma hii mpya wangoje kidogo. Wamfuate mgonjwa baada ya mwaka, wamwulize: ulimkuta daktari yule yule? Alikumbuka ulichomwambia? Uliweza kumweleza jambo ambalo hukuwahi kumweleza mhudumu mwingine? Majibu yatawahusu pia wanaowaajiri madaktari na kuwapangia vituo, kwa sababu daktari akihamishwa kila mara, wagonjwa wake watalazimika kuanza upya na mgeni.