Aliyebaki Nyuma ya Msafara

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 2:41–51, Hesabu 10:25, Kumbukumbu la Torati 25:17, 18, Mwanzo 37:12–17, 1 Samweli 30:9–16, Yohana 10:1–5.

Fungu la kukariri: Luka 19:10. Lifungue katika Biblia yako na ulisome kwa sauti kila siku ya juma hili.

Kila asubuhi magari ya wageni huondoka Karatu, hupanda hadi lango la Lodoare, kisha huingia katika msitu wa ukingo wa Ngorongoro, ambako mara nyingi ukungu huwa mzito. Kutoka ukingoni hadi sakafu ya kreta ni kina cha mita 600 hivi, na sakafu yenyewe ina eneo la kilometa za mraba 260 hivi. Humo mna simba, nyati, tembo na fisi. Ndiyo maana ziko taratibu: mgeni hashuki garini ovyo, na ifikapo saa 12 jioni magari yote yawe yamekwisha kutoka kreta. Dereva makini huhesabu abiria wake kila wanapotoka mahali pa kupumzika. Hatosheki na sauti mbili tatu zinazoitikia kwamba wote wamo. Anahesabu vichwa.

Biblia nayo ina habari za watu waliotengana na wenzao safarini, wengine katika nchi ya kigeni. Juma hili tutajifunza jinsi mtu anavyobaki nyuma bila wenzake kujua, na ni nani anayepaswa kurudi kumtafuta.

JUMAPILI: Dhana Iliyogharimu Siku Tatu

Soma Luka 2:41–45. Yusufu na Mariamu walijuaje kwamba mtoto wao yumo msafarani?

Hawakujua, walidhani. Safari ya kutoka Yerusalemu hadi Nazareti ilichukua siku kadhaa kwa miguu, na watu walisafiri kwa makundi ya ndugu na majirani kwa ajili ya usalama. Yesu alikuwa na umri wa miaka 12. Yamkini kila mmoja wa wazazi alikuwa na mahali pa kumweka katika mawazo yake: yuko na baba yake, yuko na mama yake, yuko na binamu zake. Siku nzima ikapita hivyo.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Hawa walikuwa wazazi wacha Mungu, nao walikuwa wakitoka kwenye sikukuu ya Bwana. Hawakumwacha kwa chuki wala kwa kukosa upendo. Walimwacha kwa sababu kundi lilikuwa kubwa, na kundi kubwa hufanya iwe rahisi kudhani. Katika kanisa dogo la washiriki 15, asiyekuja huacha nafasi wazi inayoonekana. Katika kanisa la washiriki 400, kila mmoja hufikiri mwenzake amekwisha kumpigia simu. Mzee wa kanisa anadhani mwalimu wa darasa anajua. Mwalimu anadhani jirani anajua. Jirani anadhani ndugu huyo amehamia mtaa mwingine.

Ni nani katika darasa lako unayedhani yu salama, lakini hujazungumza naye mwezi huu?

JUMATATU: Kurudi kwa Njia Ileile

Soma Luka 2:45–51. Walifanya nini walipotambua kwamba hayupo?

Walianza kwa kuuliza jamaa na wanaofahamiana nao. Walipomkosa, hawakuketi kumngoja awafikie, wala hawakumtuma mtu mwingine. Walirudi wenyewe, wakapanda tena milima ile waliyokwisha kuishuka. Luka hataji mtu mwingine yeyote aliyerudi pamoja nao. Msafara mkubwa ulitosha kwa kusafiri, lakini kutafuta kulihitaji wale walioguswa na uchungu.

Walimkuta hekaluni. Hapa lipo fundisho ambalo tunaweza kulipita haraka. Mwana huyu hakuwa amemwacha Baba yake. Alikuwa mahali pake hasa. Wao ndio waliokuwa hawajui alipo. Mara nyingi tunasema kanisani kwamba fulani amepotea, kumbe fulani anasali na kundi dogo la nyumbani huko alikopata kazi, au yuko hospitali akimwuguza mama yake. Kabla hatujampa mtu jina la mpotevu, tumtafute. Yawezekana tutamkuta akiwa karibu na Mungu kuliko sisi tuliokuwa tukimjadili.

Angalia pia mstari wa 51. Mariamu alisema maneno ya uchungu, na Yesu alimjibu waziwazi. Hata hivyo alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii. Kutafutana kulikwisha kwa kurudi nyumbani pamoja, bila kinyongo.

Unapokutana na mshiriki aliyekaa muda mrefu bila kuonekana, neno lako la kwanza huwa swali la upendo au lawama?

JUMANNE: Walio Nyuma ya Kundi

Soma Kumbukumbu la Torati 25:17, 18. Amaleki aliwashambulia watu gani, nao walikuwa katika hali gani?

Katika nyanda za Ndutu, ndani ya Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, nyumbu huzaa kwa wingi kati ya mwezi Januari na Machi. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa, kwa kuwa ni lazima afuatane na mama yake. Akitengana naye katika mbio za kundi, hufuata karibu chochote kinachotembea. Atafuata gari la wageni. Atafuata nyumbu mwingine, ambaye humfukuza kwa pembe. Ameonekana hata akimkaribia fisi. Hafanyi hivyo kwa ukaidi. Anatafuta wa kumfuata.

Waliopigwa na Amaleki walikuwa wachovu na dhaifu, waliokuwa mkiani mwa safari. Musa hawalaumu kwa kuwa walichoka. Lawama yote ni ya adui aliyewavizia. Tena, katika Hesabu 10:25 tunaona kwamba Israeli walipopangwa kusafiri, kabila la Dani liliwekwa nyuma ya marago yote. Mungu hakupanga watu wa kutangulia tu. Alipanga pia watu wa kuwa nyuma, mahali ambapo wanaochoka hupatikana.

Vijana wetu wengi wa Karatu hufanya kazi ya utalii: madereva, wapishi wa kambi, wahudumu wa hoteli. Msimu wa wageni ukifika, kijana anaambiwa achague kati ya kazi na Sabato. Wapo wanaosimama imara, wakapoteza kazi, na wakati mwingine kanisa halijui hata walikula nini mwezi uliofuata. Wapo wanaokubali kwa Sabato moja, kisha mbili, kisha aibu inawazuia kurudi. Agizo la Sabato halibadiliki kwa sababu ya msimu. Lakini kijana anayepigana vita hiyo peke yake yuko nyuma ya kundi, na Amaleki anajua mahali alipo.

Kanisa lenu limepanga nini kwa ajili ya mshiriki anayepoteza riziki yake kwa sababu ya Sabato?

JUMATANO: Mtu Asiye na Jina

Soma Mwanzo 37:12–17. Yusufu alipataje kuwafikia ndugu zake?

Yusufu, kijana wa miaka 17, alitumwa na baba yake kutoka bonde la Hebroni kwenda Shekemu. Alipofika hakuwakuta ndugu zake, akawa anatangatanga kondeni. Mtu mmoja, ambaye Biblia haimtaji jina, ndiye aliyemwona na kumwuliza anatafuta nini. Mtu huyu hakungoja aombwe. Alisimama na kumwelekeza Dothani.

Karatu ni mji wa wapita njia. Siku ya Sabato huweza kuingia kanisani mgeni kutoka Kenya, Brazili au Korea, ambaye kundi lake limekwenda porini naye akabaki ili aabudu. Anaketi benchi la nyuma. Hajui wimbo unaoimbwa wala atakula wapi mchana. Swali moja fupi, hata kwa Kiingereza cha kubabaisha, laweza kumtoa upwekeni.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Yusufu alielekezwa vizuri, akawafikia ndugu zake, nao wakamwuza. Msaada wa mtu yule haukumwepusha na shimo. Wapo waliorudi kanisani kwa mwaliko wetu, kisha wakaumizwa na walewale waliopaswa kuwapokea. Mungu aligeuza ubaya ule kuwa wokovu (Mwanzo 50:20), lakini hilo haliwapi ndugu ruhusa ya kuchimba shimo. Kumtafuta aliyepotea ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni jinsi atakavyopokelewa.

Aliyerudi darasani kwenu mara ya mwisho alipokelewaje?

ALHAMISI: Mgeni Aliyeachwa Mwituni

Soma 1 Samweli 30:9–16. Ni kwa nini Mmisri yule aliachwa na bwana wake?

Alikuwa mgonjwa. Alikuwa mbali na Misri, mtumwa katika msafara wa watu wengine, na siku aliposhindwa kutembea aliachwa. Alikaa siku tatu bila chakula wala maji. Daudi alikuwa na haraka kuu: Siklagi umeteketezwa na familia zimetekwa. Lakini watu wake walimpa mkate, maji, tini na zabibu kwanza; maswali yakafuata. Ndipo alipokiri kwamba alikuwa miongoni mwa walioichoma Siklagi. Daudi hakumuua. Na huyo aliyetupwa ndiye aliyewaongoza mpaka walipo waliotekwa.

Wapo dada na kaka zetu waliokwenda Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mmoja wao akiugua au akikosana na mwajiri, anaweza kujikuta peke yake katika nchi ambayo haijui lugha yake. Anaweza kukaa miezi mingi bila kukutana na mwamini mwenzake. Jina lake bado limo katika orodha ya darasa, mahudhurio yakiwa ni alama ya kutokuwepo. Ujumbe wa sauti kwa simu kila Ijumaa jioni, wa kumwombea na kumweleza somo la juma, ni mkate, tini na zabibu kwa aliyeachwa.

Je, ni nani aliye mbali anayeweza kupokea ujumbe wako Ijumaa hii?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Karibu na Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, Wahadzabe hutafuta asali wakisaidiwa na ndege mdogo wa porini anayewaongoza hadi penye nyuki. Wao humwita kwa mluzi, naye huitikia. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2023 walionyesha kwamba ndege wa huko waliuitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko mlio wanaoutumia Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji. Kila mahali ndege wameizoea sauti ya wale walioishi nao.

Ukisoma Yohana 10:1–5 utaona Yesu akitumia kanuni kama hiyo. Kondoo humfuata mchungaji kwa sababu wanaijua sauti yake, nao wameijua kwa kuisikia siku zote. Mtu asiyesikia sauti yetu wakati wa heri ataiitikiaje tutakapomwita katika ukungu? Na sisi je, tutaitambuaje sauti ya Kristo siku ya kupotea, kama hatukuizoea katika Neno lake siku za kawaida? Heri kundi ambalo Mchungaji wake huhesabu, na akimkosa mmoja, hurudi mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Chukueni orodha ya darasa lenu. Someni kila jina kwa sauti, na kwa kila asiyekuwepo, aseme mtu mmoja aliyezungumza naye hivi karibuni. Majina mangapi hayana msemaji? Nani atakwenda kwa nani kabla ya Sabato ijayo?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumtafuta mtu ili arudi na kumtafuta ili kumchunguza? Aliyetafutwa hutambuaje tofauti hiyo?

3. Ikiwa wewe ndiwe uliyebaki nyuma, ni nini kinachokuzuia kuita? Someni Zaburi 119:176 na mjadili: yeye aliyepotea anamwomba Mungu jambo gani?