TAFAKARI YA RAMADHANI: Tone la maji na watu wa chini



Mchana umefunga, unatawadha, maji yako mdomoni na kiu imekushika. Ukimeza tone moja nani atajua? Lakini unatema, kwa sababu Allah anaona.

Sasa tujiulize. Msimu huu wa pamba mtu anamaliza kupulizia, anateremka mtoni kuosha bomba la dawa, mabaki anamwaga hapohapo. Mto wetu Simiyu unakwenda mpaka Magu, unaingia Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Njiani wapo ng'ombe, watoto, na akina mama wanaofukua mchanga wapate maji ya kunywa.

Mnaikumbuka Hadithi ya watu wa jahazi: wa chini walitaka kutoboa sehemu yao wapate maji. Wakiachwa, wote wanazama. Mtoni sivyo. Anayechafua huku juu, madhara yanamkimbia yanakwenda kwa asiyemjua. Basi kitamzuia nini? Ni kilekile kilichokuzuia kumeza lile tone.

Wengine husema, "Maji yanatembea, hayana shida." Tumesoma kupima maji kwa rangi, ladha na harufu. Sumu inaweza kuwemo bila kubadili hata kimoja, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru.

Ndugu yangu, osha bomba shambani, mbali na mto, maji yake uyapulizie pamba ileile.

Allah azikubali funga zetu, na atulinde tusiwe sababu ya maradhi ya wengine. Aamin.