Askari Waliouliza Mtoni

Sura ya tatu ya Injili ya Luka ina kisa kifupi ambacho wahubiri wengi hukipita mbio. Umati umemfuata Yohana jangwani. Watu wa kawaida wanamuuliza wafanye nini, naye anawajibu. Watoza ushuru wanauliza, nao wanajibiwa. Mwisho kabisa askari wanauliza vilevile. Yohana hakuwaambia waache jeshi. Aliwakataza kuwapora watu na kuwasingizia, akawaambia mishahara yao iwatoshe.

Nimekifundisha kisa hiki miaka mingi katika darasa la Biblia la watu wazima hapa Shauri Moyo, na kila mara nawaomba wanafunzi watazame mahali walipokuwa wamesimama askari wale. Hawakuvutwa kando wakaelezwa faraghani. Waliuliza na kujibiwa mbele ya watu walewale waliokuwa wakiporwa. Mjane alisikia, mwenye duka alisikia. Siku askari akibisha kwa mjane yule, wote wawili wanakumbuka alichoambiwa.

Juma zima niko Gikomba, kwenye cherehani yangu, nikipunguza suruali na kubana makoti ya mitumba. Kambi ya jeshi la wanahewa ya Eastleigh haiko mbali nasi, na wanajeshi ni wateja wetu wa siku zote. Mmoja wao, afisa, alianza kuniletea suti nimrekebishie kwa sababu anasomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi na hataki kuingia darasani na magwanda. Tangu majirani wajue suti zile ni za nini, ubishi haujakatika.

Mama anayeuza makoti upande wangu wa kushoto ana mpwa aliyekuwa Somalia mwaka ule wa 2016, kambi yetu ya El Adde iliposhambuliwa mwezi wa Januari. Yeye hana haja ya maneno mengi. "Fundi, kazi ya askari ni kutii. Ukimfundisha kuuliza, siku ya amri atasita, na akisita watoto wa wenyewe watakufa." Kijana wa viatu, ambaye mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo kikuu na huuza hapa likizoni, ana neno lake pia. Anasema mwanajeshi akikaa darasani, nusu ya wanafunzi watafunga midomo wakidhani ametumwa.

Hofu ya kijana huyu ina mizizi. Mwaka 1982, kabla hata ya jaribio la mapinduzi, wahadhiri walikuwa wakikamatwa. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, alikuwa akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi alipowekwa kizuizini. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 1 Agosti. Nilikuwa mvulana, na hapa Eastlands tuliamshwa na milio ya risasi. Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini katika jeshi la wanahewa, alitangaza kwamba serikali imeanguka. Wanafunzi wa chuo kikuu walitoka barabarani kushangilia. Kabla jua halijatua yote yalikuwa yamezimwa. Jeshi la wanahewa likavunjwa, chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tito Adungosi, kiongozi wa wanafunzi, alifungwa miaka kumi na akafia gerezani mwaka 1988. Ochuka alinyongwa mwaka 1987.

Kuanzia 1984 serikali ilianza kuwapeleka vijana waliofaulu kwenda chuo kikuu kwenye kambi za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, wakapigishwe kwata kabla ya kushika vitabu. Yaani mwanafunzi alionekana anahitaji kujifunza kutii. Sikusikia wakati ule mkubwa yeyote akisema kwamba askari naye anahitaji kitu kutoka kwa mwanafunzi. Askari na msomi walikutana siku moja tu, barabarani, bila kufahamiana, na wote wakaangamia.

Sasa niseme ninachoamini. Askari anakwenda chuo kikuu kukaa na watu asioweza kuwaamuru, na jambo hilo ni kubwa kuliko vitabu atakavyosoma huko.

Historia ya majirani zetu ndiyo iliyonifikisha hapa. Idi Amin aliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946 akiwa na masomo haba sana, akaletwa Kenya kupigana na Mau Mau. Alipotwaa Uganda alijifanya mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 1976 akavikwa joho la udaktari wa heshima wa sheria. Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo hichohicho, alikamatwa mwaka 1972 na hakuonekana tena. Mtu akisikia habari hizo atasema upesi: hayo ndiyo matunda ya askari asiyesoma, basi tuwasomeshe.

Lakini kulikuwa na Théoneste Bagosora wa Rwanda. Huyu alisoma. Alikwenda Ufaransa akahitimu katika chuo cha juu cha kijeshi. Ni huyohuyo ambaye mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mwaka 2008 kwa mauaji ya kimbari. Kila ninapomfikiria naishiwa nguvu, kwa sababu anavunja imani rahisi kwamba kitabu humtakasa mtu. Elimu ilimfikia, na haikugusa pale palipohitaji kuguswa. Sijui moyo wa mtu, huo anaujua Mungu. Ninachokiona ni kwamba chuo cha vita humkalisha afisa na maafisa wenzake. Watakaoumia kwa amri zake hawana kiti mle ndani.

Ndiyo maana nafuatilia kwa wasiwasi mambo yanavyokwenda kwetu. Chuo cha Ulinzi cha Taifa, kilichoanzishwa Karen mwaka 1997, kilishirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Nairobi, na maafisa wakapata humo shahada ya uzamili ya masomo ya kimataifa. Mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitoa hati ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, jeshi likawa na chuo chake lenyewe cha kutoa shahada. Naelewa fahari yake, na najua maafisa wa nchi rafiki na watumishi wa serikali hukaribishwa katika masomo ya namna hii. Lakini mtumishi wa serikali naye anaishi kwa amri. Mtu wa Gikomba hayumo.

Marekani wamelivuta jambo hili pande zote mbili. Mwaka 1969, vita vya Vietnam vikiwaka, wanafunzi na maprofesa wa Harvard ndio waliotaka mafunzo ya maafisa wa jeshi yaondoke chuoni, na yalirudi mwaka 2011. Mwaka 2026 waziri wao anayesimamia jeshi, Pete Hegseth, ambaye mwenyewe ana shahada ya Harvard, alitangaza kwamba jeshi linakatiza masomo ya maafisa wake huko, akilalamikia mawazo wanayorudi nayo. Mara ya kwanza chuo kilimwogopa askari. Mara ya pili mkubwa wa askari alikiogopa chuo. Mimi naona hofu ni ileile, kila upande ukitaka watu wake wasiguswe na wengine.

Namrudia mama wa makoti, kwa maana hoja yake ni nzito na imelipiwa kwa machozi. Ni kweli kwamba risasi zikilia hakuna mjadala. Lakini sheria ya jeshi letu ya mwaka 2012 inamtaka mwanajeshi atii amri halali. Kipi ni halali? Hapo katikati ya risasi hawezi kukitafuta. Lazima awe amekitafuta mapema, ametulia, mbele ya watu wenye ujasiri wa kumbishia.

Afisa wangu alinisimulia siku moja, nikimpima mabega, habari ya kipindi kimoja cha jioni. Walikuwa wakijadili tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walioandamana walipoingia Bunge na serikali ikatangaza kuwatoa wanajeshi kusaidia polisi. Mwanafunzi mmoja, binti mdogo kwake kwa miaka mingi, alieleza alivyokimbia mabomu ya machozi siku ile, kisha akamgeukia: "Afande, ukiitwa tena, utajuaje kama amri yenyewe ni ya haki?" Akaniambia, "Fundi, kambini ningemwambia anyamaze. Pale sikuwa na ruhusa."

Wakafungua katiba pamoja. Kifungu cha 241 kinasema jeshi likitumwa kurejesha amani penye ghasia ndani ya nchi, ni lazima Bunge la Taifa liidhinishe. Wakasoma jinsi Chama cha Mawakili kilivyokwenda mahakamani juma lilelile, na jinsi jaji alivyoruhusu wanajeshi wabaki lakini akaitaka serikali itangaze mipaka na muda wa kazi yao. Binti hakuridhika. Afisa naye hakukubali yote aliyoyasema. Waliendelea kubishana hadi kwenye kituo cha matatu.

Nilipomsimulia mama wa makoti alinyamaza kidogo, akaniuliza kama mpwa wake, ambaye si afisa, anaweza kupata nafasi kama hiyo. Swali lake lilinichoma, kwa sababu mwaka 1982 waliobeba bunduki walikuwa wadogo wa vyeo, na mpaka leo masomo haya hukatiwa wakubwa kwanza. Kwa hiyo ninayoiomba Wizara ya Ulinzi ni mambo mawili. Koplo na sajenti wapewe ruhusa na karo ya kusoma jioni katika vyuo vya umma, wakiwa na nguo za raia. Na kile chuo kikuu cha ulinzi kiwafungulie milango wanafunzi wasio na cheo wala kazi ya serikali, wakiwemo watoto wa Majengo, Pumwani na Gikomba, na mmoja wao akimpinga kanali darasani asiandikiwe barua ya onyo.