Wema wa Nia na Tone la Mafuta

Mji wa Morogoro, ulioegemea milima ya Uluguru, una sifa kubwa katika historia ya muziki wa dansi nchini. Hapo ndipo zilipovuma Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, ambayo Mbaraka Mwinshehe aliipigia gitaa hadi mwaka 1973. Tuzikumbukapo bendi hizo twasifu sauti. Ni nadra kuuliza ni nani aliyevitunza vyombo. Ndani ya swali hilo dogo mna swali la maadili: kwa mtu aliyekabidhiwa kitu cha wote, je, nia njema yatosha?

Katika bendi nyingi za zama hizo, gitaa halikuwa mali ya mpigaji. Lilikuwa la chama, klabu au shirika, nalo lilipita mkono hata mkono. Tulipata kuliona moja la namna hiyo, mwishoni mwa masika, vyuma vyake vya kukazia nyuzi vikiwa vimeshika kutu. Kijana mwenye bidii alivimiminia mafuta ya kupikia. Kwa siku chache vilizunguka vyema. Baada ya miezi kadhaa mafuta yaliganda, yakanasa vumbi, navyo vikakwama kuliko mwanzo.

Tuichunguze kazi yenyewe. Kila uzi una parafujo ndogo inayosukuma gurudumu lenye meno. Zikiwa wazi, sehemu hizo hutaka kusafishwa kwanza kwa brashi kavu, kisha tone moja la mafuta mepesi ya cherehani penye meno, na ziada ifutwe isinywewe na mbao. Zikiwa zimefungwa kiwandani ndani ya kifuniko, grisi yake imo tayari. Lakini zeze la Wagogo, majirani wa Dodoma, hutaka kinyume: kigingi chake cha mti hushika kwa msuguano, na kikipakwa mafuta huteleza, uzi ukalegea. Tendo lile lile huponya hapa na kuharibu pale.

Hapana budi basi kukiri kwamba nia njema humwondolea mtu lawama ya ubaya, bali haimwondolei wajibu wa kujua. Aharibuye kitu chake kwa kutojua hulipa mwenyewe. Aharibuye kitu cha wote humlipisha atakayekishika baada yake, ambaye hakuulizwa neno.

Hata hivyo, deni hilo si la kijana peke yake. Waliompa gitaa bila kumfundisha kulitunza walimkabidhi nusu tu ya amana. Wahenga walisema, "Kitunze kikutunze." Nasi twasema, kabla ya kukitunza, kijue; na wewe unayekirithisha, rithisha na maarifa yake. Chombo kisichofuatana na maarifa ni mzigo kwa anayekipokea, hata kama kilitolewa kwa mapenzi.