"Watakufa Tu": Je, Samaki wa Mwisho wa Eyasi ni Haki Yangu?



Leo naomba tufikirie pamoja swali moja linaloonekana dogo, lakini mimi limenisumbua kiangazi hiki chote. Kitu ambacho kitapotea hata hivyo, je, naweza kukichukua chote bila dhambi?

Wengine mtasema, mbona jibu ni rahisi, chukua tu. Subirini kidogo. Hebu kwanza niwapeleke Ziwa Eyasi.

Kwa wasioijua huku kwetu: ukitoka Karatu mjini ukaelekea kusini-magharibi, unaiacha baridi ya juu, unashuka kwenye joto na vumbi, unapita mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, halafu unaliona ziwa. Upande wa kaskazini umesimama ukuta wa Bonde la Ufa, na juu ya ukuta huo ni eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Eyasi ni ziwa la chumvi, lenye kina kifupi sana. Maji yanaingia kwa mto Sibiti kutoka kusini-magharibi, kwa mto Baray kutoka kaskazini-mashariki, na kwa vijito na chemchemi. Mto unaotoka hakuna. Maji yakishaingia, anayeyaondoa ni jua.

Ndiyo maana ziwa hili halina sura moja. Miaka ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño, linafurika na wavuvi wanafika kutoka mbali. Miaka ya ukame linakauka karibu lote, na wafugaji wa Kidatoga na Wahadzabe wanalivuka kwa miguu. Katikati ya hali hizo mbili kuna kipindi ambacho kila mvuvi anakipenda. Masika imeisha, maji yanarudi nyuma wiki hadi wiki, na samaki wanabanana kwenye maji yaliyobaki. Hapo kuvua hakuhitaji ufundi mkubwa.

Jambo hili haliko kwetu tu. Kule Marekani ya kaskazini, ambako maziwa yanaganda, wavuvi wengi wanausubiri mwisho wa vuli na barafu ya kwanza, kwa sababu baadhi ya samaki wakati huo hukusanyika makundi makubwa sehemu chache. Na huko huko sheria zinaweka idadi ambayo mtu anaruhusiwa kuchukua kwa siku. Yaani watu waligundua kwamba samaki anapopatikana kirahisi ndipo anapohitaji ulinzi zaidi.

Sasa turudi kwenye swali. Tulilijadili kwenye jumuiya yetu, na kijana mmoja anayeuza samaki alisema maneno ambayo sikuweza kuyajibu palepale. Alisema: "Jamani, maji yanakauka. Hata tukiwaacha, watakufa tu. Kwa nini ndege wale, jua lioze wengine, halafu mtoto wangu alale njaa?" Mama mmoja akaongeza: "Na usipochukua wewe, atachukua mwingine. Utabaki na utakatifu wako na sufuria tupu."

Tusiwadharau wanaosema hivyo. Hoja zao zina nguvu, na zinatoka kwa watu wenye watoto. Kwa hiyo nitazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza: watakufa tu.

Hapa nadhani tunahitaji kutofautisha mahali na mahali. Kuna dimbwi lililokatika na ziwa, limebaki peke yake juani, na baada ya siku chache litakuwa tope lililopasuka. Perege waliomo humo kweli watakufa. Kwa maoni yangu, kuwachukua wote hao ni halali kabisa, na kuwaacha waoze wakati jirani ana njaa kungekuwa ubaya. Mkumbuke Bwana wetu baada ya kuwalisha watu elfu tano, katika Yohana 6. Aliagiza mabaki yakusanywe ili kisipotee kitu, vikajaa vikapu kumi na viwili. Yesu hakupenda chakula kipotee.

Lakini kuna mahali pengine. Kwenye vijito na chemchemi zinazolisha ziwa, maji yanabaki hata kiangazi. Huko ndiko watu wanakovua kambare na kamongo miaka ambayo ziwa halina kitu. Kambare anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia maji mabaya ambayo yangemuua samaki mwingine. Kamongo yeye anajichimbia ndani ya tope na kulala humo mpaka mvua irudi. Mvua ikija, kambare wanaingia kwenye majani yaliyofurika na kutaga huko. Kwa maneno mengine, hao wachache waliobaki ndio mbegu ya ziwa la mwaka kesho. Wao hawatakufa "tu". Wakifa, ni kwa sababu tumewaua.

Hapo ndipo nilipoona udanganyifu ulipo. Neno "watakufa tu" ni kweli kwenye dimbwi, na ni uongo kwenye chemchemi. Sisi tunalichukua neno la dimbwini tunalipeleka chemchemini, halafu dhamiri inatulia. Shetani mara nyingi hahitaji kutuambia uongo mpya. Anachukua ukweli wa mahali pamoja anautumia mahali pasipohusika.

Biblia inalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Katika Walawi 19 mwenye shamba anaagizwa asivune mpaka pembeni kabisa wala asirudie masazo, awaachie maskini na mgeni. Katika Kumbukumbu la Torati 22 mtu akikuta kiota njiani anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao amwache aende. Mungu haweki marufuku ya kula. Anaruhusu kuchukua, halafu anaweka mpaka, ili uhai uendelee baada ya sisi kushiba. Na mnajua perege wa jamii hii ya maziwa yetu ya chumvi anavyolea? Jike anabeba mayai mdomoni mwake, na watoto wakishatoka bado wanakimbilia humo humo wakiona hatari. Ukimvua jike huyo mahali ambapo maji yangebaki, umechukua mama na kiota chake kwa pamoja.

Hoja ya pili: nisipochukua mimi, atachukua mwingine.

Hii ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Lakini angalieni inatupeleka wapi. Mtu anayeiba mitihani anaisema. Anayetoa rushwa apate kazi anaisema. Anayeokota simu sokoni na kuizima anaisema. Kama hoja hii ingetosha, isingebaki dhambi hata moja duniani ambayo haina udhuru, maana siku zote yupo mwingine ambaye angeifanya. Siku ya hukumu sitaulizwa mwingine alifanya nini na wavu wake. Nitaulizwa habari za wavu wangu.

Hata hivyo, kusema hivyo peke yake ni kumwachia maskini mzigo wote. Mvuvi mmoja akijizuia peke yake, ni kweli atalala njaa na ziwa litamalizwa na wenzake. Kwa hiyo kujizuia lazima kuwe kwa pamoja. Na inawezekana. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani za ziwa hilo, ili samaki wazaliane. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, na kanuni zake zinabana nyavu zenye matundu madogo. Sheria hizi ni namna ya kusema: tuache sote, ili asiwepo anayeachia peke yake.

Lakini nani atamlisha mvuvi miezi hiyo? Hili ndilo ambalo sisi tusiovua hatupendi kuulizwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415, inafundisha kwamba amri ya saba, ile ya usiibe, inadai pia tuheshimu uumbaji, kwa kuwa mimea na wanyama vimewekwa kwa manufaa ya watu wa jana, wa leo na wa kesho. Sawa. Ila namba 2408 ya kitabu hicho hicho inasema kwamba mtu mwenye hitaji la wazi na la haraka, ambaye hana njia nyingine ya kupata chakula, akichukua kinachohitajika kuokoa maisha hahesabiwi mwizi. Kwa hiyo baba mwenye njaa aliyeshika chandarua kwenye kijito cha Mang'ola, mimi siwezi kumwita mwizi nikiwa nimeshiba. Ninachoweza kufanya ni kujiuliza kwa nini hana njia nyingine, na jumuiya yangu ilikuwa wapi.

Tena tuseme ukweli wote. Ziwa halipungui kwa wavu peke yake. Udongo unaoshuka na mto Baray unatoka kwenye miteremko tuliyokata miti na kulima bila kuzuia mmomonyoko. Maji ya chemchemi yanagawanywa na mashamba ya vitunguu. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, unaotutunzia maji, tunausifu mbele ya watalii na kuusahau tunapotafuta kuni. Mkulima wa Karatu ambaye hajawahi kushika ndoano anaweza kuwa ameua samaki wengi kuliko mvuvi. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vinasikilizwa pamoja. Pale Eyasi unavisikia vyote viwili kwenye ufuko mmoja.

Basi jibu langu, kwa jinsi ninavyoona leo, ni hili. Samaki wa dimbwi linalokufa, chukua, na umgawie jirani. Samaki wa chemchemi ana mwenyewe, na mwenyewe ni mtoto ambaye bado hajazaliwa. Ukilazimika kwa njaa kumchukua huyo, Mungu anaona njaa yako, na sisi wengine tunadaiwa. Ukimchukua kwa sababu tu ni rahisi na hakuna anayekuona, hapo ndugu yangu umevuka mpaka.

Na hili halihusu samaki peke yake. Kila mmoja wetu ana "watakufa tu" yake. Urafiki unaelekea kuvunjika, kwa hiyo ngoja nimtumie mpaka mwisho. Kikundi chetu cha VIWAWA kinasuasua, kwa hiyo ile akiba kidogo ya kikundi tugawane tumalize. Bibi ni mgonjwa, hatapona, kwa hiyo shamba lake tuanze kuligawa akiwa hai. Kabla hujasema neno hilo, jiulize kwa uaminifu: hapa niliposimama ni dimbwini, au ni chemchemini?

Kwa tafakari ya wiki hii:

Ni kitu gani nimekichukua chote kwa kisingizio kwamba kilikuwa kinaisha hata hivyo?

Ni nani ninamdai ajizuie, wakati mimi sijamsaidia abebe gharama ya kujizuia?

Katika jumuiya yangu, ni jambo gani moja tunaloweza kuacha sote kwa pamoja?

Tusali. Ee Mungu Baba, uliyejaza maji viumbe na ukatupa chakula kwa wakati wake, utupe mikono inayojua kupokea na inayojua kuacha. Uwakumbuke wavuvi wa Eyasi na watoto wao. Utupe mvua kwa wakati, na mvua ikirudi, ikute tumebakiza kitu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.